Mtoto Asiyetulia ni Amana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wanaadamu kwa maumbo mbalimbali na tabia mbalimbali, akawapa wengine utulivu na wengine wepesi wa mwendo, na katika kila kiumbe akaweka hikima. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, na kwake tunaomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa watoto kuliko watu wote, na Aali zake, na Sahaba zake, na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi Waislamu! Tunakuusieni, na kabla yenu tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika ucha Mungu ni kuchunga amana. Na katika amana alizotukabidhi Mola wetu, hapana iliyo nzito kuliko mtoto. Mali ikipotea hupatikana nyingine, lakini moyo wa mtoto ukivunjwa huchukua umri mzima kuungika.

Leo tunataka kusema nanyi juu ya amana moja ambayo wengi wetu twaipokea kwa mkono wa hasira. Nayo ni mtoto asiyetulia.

Hapana mtaa usio naye. Skuli hakai kitini. Chuoni, wenzake wanapomaliza ukurasa, yeye yumo katika mstari wa pili, na macho yake yako kwa kunguru aliye juu ya paa. Akitumwa dukani alete chumvi na sabuni, huleta chumvi akasahau sabuni, au husahau vyote viwili akabaki uwanjani akicheza. Hudakia maneno ya watu kabla hawajamaliza kusema. Hupoteza kiatu, kalamu na juzuu. Hukimbilia barabarani bila ya kutazama. Na yuko mwengine, aghlabu mtoto wa kike, ambaye hana rabsha hata kidogo: kiwiliwili chake kimetulia, lakini akili imesafiri. Huyu hamlalamikii mtu, na kwa hivyo husahauliwa, akaitwa mzito wa kufahamu.

Watu humpa mtoto huyu majina: mtukutu, mkaidi, mwenye shetani. Mama yake huambiwa hajui kulea. Baba yake huambiwa amelegea mkono. Mwisho wake mtoto mwenyewe huyaamini aliyoambiwa, akaacha skuli, akaacha chuo, na msikiti akauona kuwa ni pahala pa kufukuzwa. Hapo ndipo penye hatari, enyi ndugu. Tunaweza kumpoteza muumini mdogo kwa sababu tu hatukumfahamu.

Sasa sikilizeni wanayoyasema wenye elimu ya tiba. Hali hii si mpya. Mwaka 1798 tabibu wa Uskochi, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao makini yao haikai pahala pamoja. Mwaka 1902 tabibu wa watoto, George Still, alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawawezi kujizuia. Leo madaktari wa dunia nzima wanaitambua hali hiyo kuwa ni upungufu wa makini pamoja na harakati zilizozidi, na huitaja kwa herufi nne: A, D, H, D. Katika kila watoto 100 huwapata kiasi cha 5 au 6. Sehemu kubwa yake hurithiwa, kama urefu wa kimo unavyorithiwa. Na mara nyingi baba anayemlalamikia mwanawe, akiulizwa bibi mzaa baba, husema: huyu ni baba yake mtupu! Basi si malezi mabaya yaliyoileta, wala si laana, wala si ukaidi.

Lakini si kila mtoto mchangamfu ana hali hii. Mtoto kucheza ni afya yake. Madaktari hawaithibitishi hali hii ila dalili ziwe nyingi, zidumu miezi 6 au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane katika pahala zaidi ya pamoja, nyumbani na skuli vilevile, na ziwe zinamdhuru mtoto katika masomo yake au maisha yake na watu. Anayetukutika kwa mwalimu mmoja tu, na kwa wengine akatulia, huyo aulizwe mambo mengine.

Enyi Waislamu! Watu wamekosea njia kwa mtoto huyu katika pande mbili. Upande mmoja wameshika bakora. Upande wa pili wameshika kila chupa na kila kifurushi walichouziwa, leo kwa mganga huyu, kesho kwa mwengine. Dini yetu ni dini ya kati na kati, nasi tutaieleza njia hiyo kwa uwezo wake Mola.

Tuanze na bakora. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alisujudu siku moja akiwasalisha watu, akairefusha mno sijda yake mpaka Sahaba wakadhani kuwa limetokea jambo. Alipomaliza aliwaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye alichukia kumharakiza kabla hajatosheka. Haya yalikuwa katika Sala, nguzo ya dini, na nyuma yake zimepangwa safu za watu wazima. Na alikuwa akisali hali amembeba Umama, binti wa binti yake Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia tangu utotoni kwa muda wa miaka 10, amesimulia kwamba hakumsikia hata mara moja akimwambia neno la kuudhika. Je, Anas hakuwahi kusahau alilotumwa? Alisahau, kama watoto wote wanavyosahau. Na yeye mwenyewe amesimulia siku aliyotumwa akakuta watoto wanacheza sokoni akasimama nao, mpaka Mtume akamjia nyuma yake hali ya kucheka.

Huenda mtu akasema: je, hatukuamrishwa kumwadhibu mtoto wa miaka 10 akiacha Sala? Tunajibu: kabla ya miaka hiyo 10 iko miaka 3 ya kuamrishwa kwa upole, tangu umri wa miaka 7, siku kwa siku, Sala kwa Sala. Na mafakihi wameweka mipaka: adhabu isiumize, isiwe ya hasira, na iwe kwa anayefahamu na akakataa, yaani iwe ya kutengeneza na si ya kulipiza. Ama mtoto ambaye hakukataa bali hakuweza, kumpiga ni kama kumpiga kiwete kwa kuwa hakukimbia. Hapana fakihi anayeyakubali hayo.

Na wanazuoni wetu wakubwa waliyajua haya kabla ya vyuo vya ualimu vya leo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwausia walezi wampe mtoto ruhusa ya kucheza mchezo mwema baada ya masomo, kwani kumzuia kucheza na kumlemea kwa kusoma daima huufisha moyo wake na kuuzima wepesi wa akili yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika mlango mzima katika Mukadima yake kubainisha kwamba ukali kwa wanafunzi huwadhuru, huwafundisha uwongo na hila, na huwaondolea uchangamfu. Lau tungewafuata hawa, bakora nyingi zingelala juani zikakauka.

Ama upande wa pili, wa kutafuta dawa. Kutafuta dawa ni Sunna. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Lakini ametufundisha pia jambo ambalo wauza dawa hawapendi kulisikia: kwamba mwenye kujitia katika kutibu watu hali hajulikani kuwa ana elimu ya utabibu, huyo ni dhamini wa madhara atakayoyaleta. Kwa hivyo twatakiwa tutafute, na twatakiwa tupambanue. Na kwa kuwa wazee wengi hutuuliza juu ya tiba za maumbile, yaani chakula, usingizi, miti na mafuta, tutazitaja moja moja, ipi inafaa na ipi haifai.

La kwanza, kabla ya dawa yoyote, ni kuhakikisha. Mtoto asiyesikia vizuri, masikio yake yakitoka usaha kila masika, huonekana hana makini. Asiyeona ubao huonekana mvivu. Anayekoroma usiku kwa mafindofindo yaliyoziba koo halali usingizi wa kutosha, na mchana huzuzuka au hutukutika. Mwenye upungufu wa damu kwa safura au malaria huchoka akili. Na iko aina ya kifafa isiyoangusha: mtoto huduwaa kwa sekunde chache, macho wazi, kisha huendelea kama hapakuwa na kitu, mwalimu husema anaota ndoto. Haya yote daktari huyajua kwa kupima, na mengi yake yana dawa. Usianze kutibu usilolijua.

Na katika jambo la kuhakikisha iko sumu moja inayotuhusu sisi wa pwani: madini ya risasi. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto huudhuru ubongo wake, na hupunguza akili na makini. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua; kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifungwa huko mwaka 2014, baada ya watoto wao kukutwa na risasi katika damu. Lakini risasi huingia hata katika nyumba isiyo karibu na kiwanda. Iko katika rangi za kupaka kuta zilizotiwa risasi, na iko katika baadhi ya wanja. Wanja wa jiwe la madini ya risasi hung'aa vizuri machoni mwa mtoto mchanga, naye hufikicha jicho kisha hulamba kidole. Enyi akina mama! Kujipamba kwa wanja ni jambo jema, lakini wanja msioujua asili yake msiwatie watoto.

La pili ni usingizi. Hapana tiba ya maumbile iliyo rahisi kuliko hii, wala inayodharauliwa kuliko hii. Mtoto wa skuli wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kiasi cha saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Mtu mzima asipolala husinzia. Mtoto asipolala aghlabu huzidi kuruka. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Tazama busara ya mwendo huu! Nasi leo baada ya Isha ndipo tunapowasha televisheni, na mtoto ana simu kitandani. Basi zima simu, fifisha taa, na umlaze mtoto wakati mmoja kila usiku, pamoja na dua zake za kulala. Haitamwondolea hali yake, lakini itamwondolea mzigo uliozidishwa juu ya hali yake.

La tatu ni harakati za mwili. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa mazoezi, kukimbia, kuogelea na mchezo wa mpira, humsaidia mtoto wa namna hii kujizuia na kutuliza makini yake. Na katika uchunguzi mdogo wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, watoto 17 wenye hali hii walitembezwa kwa dakika 20 katika bustani yenye miti, na siku nyingine katika mitaa ya mji. Wakawa na makini zaidi baada ya bustani. Watoto 17 ni wachache, lakini kutembea chini ya miti hakuna madhara wala gharama. Mwalimu wa chuo anayemfungia mtoto huyu ndani wakati wa mapumziko kwa kuwa hakumaliza somo, anamnyima dawa yake kwa jina la adhabu.

La nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote yasiyokuwa dawa ya hospitali, ni mpango wa nyumba na namna ya kusema naye. Madaktari huwafundisha wazazi mwendo huu kwa wiki kadhaa, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 huanza kwa huu kabla ya dawa. Nasi tukiutazama twauona kuwa ni jirani wa Sunna. Bibi Aisha amesimulia kwamba maneno ya Mtume (S.A.W.), lau mtu angetaka kuyahesabu, angeyahesabu. Basi usimwambie mtoto huyu maneno kumi kwa pumzi moja. Mwendee karibu, mshike bega, mwambie jambo moja, na umtake alirejee. Akilifanya, msifu papo hapo, kwani sifa ya kesho kwake ni kama haipo. Mpe kazi fupi zenye mwisho unaoonekana. Kanuni za nyumba ziwe chache, na kila siku ziwe zilezile, wala baba asihalalishe alilolikataza mama. Akikosa, achukuliwe kitu kidogo anachokipenda kwa muda mfupi, bila ya matusi.

Na kwa kuwa mtoto huyu hahisi kupita kwa wakati kama wenzake, Mwenyezi Mungu ametupa sisi Waislamu saa isiyosimama. Sala tano ni vigingi vya siku. Mwambie: baada ya Alasiri hesabu, kisha mpira, baada ya Magharibi Kurani, baada ya Isha kulala. Akishika vigingi hivi, siku yake haitapeperuka.

Na walimu wa chuo nao wana sehemu yao. Mwanafunzi huyu akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe mistari 3 badala ya nusu ukurasa, kisha asimame, achote maji, agawe misahafu, halafu arudi kwa mistari 3 mingine. Aruhusiwe kusoma huku akitikisika au akisimama. Atahifadhi, kwa idhini ya Mola, ila atahifadhi kwa hatua zake. Kurani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Basi haraka ya nini kwa mtoto wa miaka 8?

Haya ndiyo tuliyotaka kuyasema, nasi tunajiombea na kukuombeeni msamaha kwa Mwenyezi Mungu. Basi muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tumetaja yanayofaa. Sasa tutaje yanayosemwa sana na watu, tuyapime.

Husemwa: sukari ndiyo inayowatia watoto wazimu. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi, na sukari haikuonekana kuwa ndiyo sababu. Bali mwaka 1994, huko Marekani, akina mama waliambiwa kuwa wana wao wamepewa sukari, hali hawakupewa. Wakawaona watoto hao wametukutika zaidi, na wakawakemea zaidi. Dhana ya mzazi ndiyo iliyoona. Punguzeni sukari kwa ajili ya meno na mwili wa mtoto, lakini msiitwike dhambi isiyokuwa yake.

Husemwa: rangi za vyakula. Daktari wa California, Benjamin Feingold, aliyasema haya katika miaka ya 1970, akazidisha. Hata hivyo hayakuwa bure yote. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kiliwapa watoto 153 wa miaka 3, na watoto 144 wa miaka 8 na 9, kinywaji chenye rangi za viwandani na dawa ya kuzuia kuoza, na siku nyingine kinywaji mfano wake kisichokuwa nazo. Utukutu ulizidi kwa kiasi kidogo, wala si kwa kila mtoto. Tangu mwaka 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha onyo liandikwe juu ya vyakula vyenye rangi 6 zilizochunguzwa. Basi shubiri nyekundu na soda ya rangi ya chungwa zikiwa ndizo chakula cha mwanao, mpe embe, ndizi na maji ya dafu. Hapana hasara.

Husemwa: mafuta ya samaki. Mwaka 2011 yalikusanywa majaribio 10 ya watoto 699. Faida ikaonekana, lakini ndogo, chini sana ya faida ya dawa za hospitali, na wachunguzi wengine waliofuata hawakuiona sawasawa. Lakini samaki ni chakula chetu. Anayeweza kumlisha mwanawe dagaa na vibua hana haja ya kukopa fedha kununua vidonge vya kutoka ng'ambo.

Husemwa: miti na mimea. Zafarani ilijaribiwa Tehran kwa watoto 54 kwa muda wa wiki 6, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, nayo yakawa karibu na ya dawa ya hospitali. Hiyo ni habari njema, lakini watoto 54 na wiki 6 si msingi wa kuhukumia umri wa mtoto. Na mimea mingine ilijaribiwa ikashindwa. Wala msidhani kwamba kila kitokacho mtini hakidhuru. Mwaka 2004, katika mji wa Boston, Marekani, dawa 70 za asili za Kihindi zilizonunuliwa madukani zilipimwa. 14 katika hizo zilikuwa na risasi, zebaki au zarniki. Fikirini, mzazi anayetafuta dawa ya makini akanunua sumu ile ile inayoiharibu makini!

Ama habasoda na asali, hizo tunaziheshimu kwa sababu ya aliyezisifu. Lakini wanazuoni wetu, kama Al-Khattabi aliyefariki mwaka 998, walikwisha kueleza kuwa tamko la ujumla juu ya habasoda linakusudiwa maradhi maalumu yanayowafikiana na tabia yake. Basi mpeni mtoto kwa baraka na kwa kiasi, wala msiache kwa ajili yake dawa nyingine iliyojulikana. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani huweza kumletea maradhi ya kupooza yanayotisha.

Ama kumsomea mtoto Kurani na kumwombea dua, hilo ni jema, na mzazi ni wa kwanza wa kulifanya, kila usiku, kwa mkono wake mwenyewe juu ya kichwa cha mwanawe. Kuhusu kombe wanazuoni wamekhitalifiana. Mwenye kulichukua na alichukue kuwa ni dua, na ahakikishe kuwa limeandikwa kwa zafarani safi, si kwa rangi isiyojulikana. Lakini kumfunga mtoto, kumpiga, kumfukiza moshi mpaka akapaliwa, au kumnyima chakula ati atolewe jini, hiyo ni dhuluma, na dhuluma haigeuki ibada kwa kusomewa aya juu yake.

Lililobaki ni dawa za hospitali. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, huko Rhode Island, Marekani, aliona kwa mshangao kwamba dawa ya kuchangamsha iliwatuliza watoto wake na kuwawezesha kusoma. Kutokana na njia hiyo zimepatikana dawa zinazotumika leo, na mashuhuri yao ni methilifenideti. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa watoto 579, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba katika miezi 14 dawa iliyosimamiwa vizuri ilituliza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Na vilipounganishwa viwili, watoto wengi walitosheka na dawa kidogo zaidi. Kisha, kadiri miaka ilivyopita, tofauti ya makundi hayo ilififia. Hapa kuna funzo: dawa hufungua mlango, lakini kupita na kuendelea na safari kunahitaji malezi.

Na watu hutuuliza: dawa hizi si kilevi? Tunasema: haziliwi kwa kulewa, bali kwa kutuliza akili, kwa kipimo cha daktari mwaminifu. Zina madhara yake: hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, na daktari hana budi kumpima mtoto moyo, uzito na kimo. Na kumpa mwanafunzi mwengine dawa hiyo ili akeshe akisoma kwa ajili ya mtihani, hilo ni haramu na ni hatari. Lakini kumnyima mtoto mwenye haja nayo kwa kuwa eti si ya maumbile, si ucha Mungu. Mwarabu wa jangwani aliambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee. Usingizi ni kamba, mazoezi ni kamba, malezi ni kamba, na dawa ya daktari ni kamba. Funga kwa zile zinazokufaa, kisha mtegemee Mwenyezi Mungu.

Enyi Waislamu! Tokeni hapa leo na niya ya mambo matatu. Mzazi aliyekuwa akimwita mwanawe kwa jina baya, amwite leo kwa jina alilompa siku ya akika yake. Mwalimu aliyemkalisha mtoto nyuma, amlete mbele. Na jirani aliyekuwa akimlaumu mama wa mtoto huyo, ampokee mtoto japo kwa Alasiri moja, mama yake apumzike. Na mtoto akikimbia baina ya safu zetu, msimfukuze msikitini, mweke baina ya watu wazima wawili, na Imamu apunguze kisomo, kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiifupisha Sala aliposikia kilio cha mtoto.

Ewe Mwenyezi Mungu! Watengeneze watoto wetu na uwajaalie wawe tulizo la macho yetu. Ewe Mola! Wape wazazi wao subira isiyochoka, na walimu wao upole usiokatika, na matabibu wao elimu yenye manufaa. Usiwafanye watoto hawa kuwa fitna kwetu, wala sisi tusiwe fitna kwao. Wasamehe Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, walio hai na waliokufa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Amin.